Vijiti 47

Kurasa sita. Nilizichapa usiku kucha, mpaka pale pa kusema "asanteni kwa kunisikiliza". Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na zamu yangu ya kuwasilisha kwenye semina ilikuwa imefika: dakika 10, kuhusu chumvi inavyoharibu mashamba ya umwagiliaji. Wasikilizaji ni wale wale niliokuwa nikibishana nao koridoni bila woga.

Nilisimama nikasoma. Mdomo ulikauka, karatasi zikatetemeka, tena kwa kelele. Sikuinua macho hata mara moja. Katikati ya ukurasa wa tatu mwalimu akasema taratibu, "Hebu ziweke mezani. Sasa tuambie, hiyo chumvi inatoka wapi?"

Nilijua, tena vizuri. Nikasema "yaani…", nikanyamaza, nikasema "yaani" nyingine, nikaenda kuketi.

Baada ya kipindi hakunikaripia. Alipiga hesabu nyuma ya karatasi yangu: mtu akizungumza kwa utulivu hutoa maneno kama 130 kwa dakika, na mimi nilikuwa na 2,400. "Hii ni zaidi ya dakika 18. Uliandaa insha." Akanipa wiki mbili nirudie, kwa sharti la kuja na kikaratasi cha ukubwa wa kiganja chenye maneno matano tu.

Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akajitolea kunirekodi kwa simu. Sauti ile sikuitambua. Nyembamba, kama ya mtu anayeomba radhi. Sauti yako mwenyewe hukufikia kwa hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana unaisikia nzito. Simu hunasa ya hewani peke yake. Kumbe hiyo ndiyo watu walikuwa wakiisikia siku zote! Mwenzangu akachukua kalamu, kila "yaani" akaipigia kijiti. Vijiti 47.

"Bwana wee, tukiziondoa hizi unabaki na nini?"

Kujikataza kulinifanya nigugumie zaidi. Kilichosaidia ni kufunga mdomo na kuvuta pumzi kila neno lile liliponijia. Kimya kile kwangu kilikuwa kama saa nzima. Kwenye rekodi kilikuwa sekunde mbili, na nilisikika kama mtu anayefikiri. Halafu mwenzangu alikuwa na uchokozi wake: "Sijaelewa," hata pale alipoelewa, nami nikalazimika kulisema jambo lile lile upya, mara tatu, mara nne. (Wanaoshauri watu wajizoeze mbele ya kioo siwaelewi mpaka leo. Kioo hakiulizi swali.)

Siku ya kurudia, mkono bado ulitetemeka, ila kikaratasi kidogo hakipigi kelele. Nilimchagua mmoja wa safu ya nyuma nikawa namwambia yeye. Akakunja uso. Nikaacha nilichokuwa nasema, nikamuuliza kama amewahi kuona ukoko mweupe ndani ya birika. Maji yanakwenda zake na mvuke, yaliyokuwamo yanabaki. Shamba nalo ni hivyo hivyo, msimu baada ya msimu. Uso ukakunjuka. Birika halikuwemo kwenye mazoezi, sijui hata lilitoka wapi.

Dakika ya 11 mwalimu alinionyesha saa. Neno la tano nilikuwa sijaligusa.

Nilipoketi, mwenzangu akanisukumia daftari. Vijiti 12. Cha kwanza kilikuwa cha kwenye salamu.