Kapasita nzima, siyo mbovu, ndo inavimba

Jana nimefungua pawa saplai ya kompyuta ya zamani, ina kapasita mbili (vifaa vya kutunza chaji) za 200V, yaani mwisho wa kila moja kubeba, zimeungwa siriizi, moja ikifuata nyingine, kwenye 325V DC, nikajua kila moja itabeba kama 162, napima nakuta moja ina 118 na nyingine 207 na imeshaanza kuvimba! Mwanzo nikadhani hiyo iliyovimba ndo mbovu, hapana jamani, mbovu ni ile ya 118, inavujisha umeme ndani kwa ndani kwa hiyo volti haikai kwake, mzigo mwingi unaenda kwa mwenzake. Mafundi wenzangu naombeni sana msibadilishe iliyovimba peke yake. Rezista za kusawazisha, zile za kugawa volti sawa kwa kila kapasita, nazo zilishakatika, nikaweka 100k (kilo-ohm 100) nusu wati kwa kila kapasita, kapasita zote mbili mpya, sasa zinasoma 161 na 164.