Usiku wa Kuamkia Sendofu

Desemba 2017, kesho yake ikiwa sendofu ya dada yangu, nyumba yetu ya Tabata ilijaa watu lakini hapakuwa na raha. Mpambaji alikuwa ameshachukua nusu ya hela, na tangu mchana simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alikaa mkekani na daftari la michango na kalamu nyekundu, akipiga mstari chini ya majina ya walioahidi kisha wakanyamaza.

Lakini kilichomkaa rohoni hasa ni ndafu. Shemeji ni Mchaga, sisi Wanyakyusa, na wakwe walikuwa wametuma ujumbe kwamba watakuja na mbuzi wao mzima wa kuchoma, aingizwe ukumbini kwa heshima. Mama alikuwa ameagiza keki ya ngazi tatu kwa ajili yao. Alihisi keki yake imedharauliwa.

Saa nne usiku shangazi akaniambia, "Hebu weka filamu, tupumue." Kwenye flashi nilikuwa na The Wedding Party ya Kemi Adetiba, harusi ya Lagos: bibi harusi Myoruba, bwana harusi Mwigbo, na kila kinachoweza kuharibika kinaharibika. Niliwaambia kwamba Adesua Etomi na Banky W, wanaoigiza maharusi hao, walikuwa wameoana kweli mwezi uliopita tu. Dada, aliyekuwa amejilaza na hina mikononi, aliinua kichwa.

Alipotokea Sola Sobowale, mama wa bibi harusi, sauti imejaa chumba kizima, kalamu ya mama ikasimama. "Huyu mama ana uchungu na mwanawe," akasema. Kisha akaja mama wa bwana harusi, Ireti Doyle, aliyenyooka kama mshumaa, akiwatazama wakwe zake kama watu waliokosea mlango.

"Mwoneni! Ndivyo wanavyotuona sisi."

Shangazi hakutoa macho kwenye televisheni. "Wifi, na wao wakisikia humtaki mbuzi wao, unadhani wanakuona kama mama yupi kati ya hawa wawili?"

Nilidhani patachimbika. Mama alifunga daftari, akachukua simu, akatoka barazani. Mlango ulikuwa wazi, tukamsikia: "Shikamoo dada. Samahani, najua ni usiku. Huyo ndafu… anahitaji meza ya urefu gani?" Kimya. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia wiki mbili nzima.

Aliporudi hakutuambia neno. Akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe cha meza alichokidarizi mwenyewe akiwa mchumba, ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukigusa. Akawasha pasi. Filamu ilikuwa inaendelea, bibi harusi wa Lagos analia, na mama yangu amesimama karibu na dirisha, ananyoosha pindo moja baada ya jingine, polepole, kwa ajili ya mbuzi wa watu.