Karatasi kumi na moja

Leo mteja ameniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nianze kuchora majalada ya vitabu: "Nitajuaje kama umechora wewe, si kompyuta?" Nilikuwa nimempelekea picha ya mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano. Vidole vile vilinitoa jasho siku nne. Nikamtumia rasimu zote, karatasi kumi na moja, mbili zimetoboka kwa kufutwafutwa pale kwenye kidole gumba. Akaridhika, akalipa. Picha ni ileile aliyoitilia shaka asubuhi.

Sijapata usingizi. Nimeukumbuka mnada wa Christie's, New York, Oktoba 2018. Picha ya bwana mwenye sura iliyofifia, kazi ya kompyuta, ilikadiriwa dola 10,000 ikizidi sana. Ikauzwa dola 432,500. Mahali pa saini paliwekwa fomula ya hesabu. Programu ilikuwa imefunzwa kwa picha kama 15,000 za karne ya 14 hadi ya 20. Waliozichora ni marehemu wa siku nyingi, sawa. Lakini siku hizi mashine zinalishwa kazi za watu walio hai, bila hata hodi, na hilo linaniuma.

Watu husema bei ndiyo mwamuzi. Mimi nakataa. Bei kubwa inataka watu wawili tu wenye fedha, kila mmoja hataki kushindwa.

Halafu kuna yule heroe wa mpiga picha Miles Astray, 2024. Ndege anajikuna tumbo, kichwa hakionekani kabisa. Picha ilipigwa kwa kamera, ila mwenyewe aliiingiza kwenye mashindano upande wa picha za akili mnemba, zile zinazotengenezwa na kompyuta. Majaji wakaipa nafasi ya tatu, na kwa kura za watu ikashinda. Alipofichua ukweli, ikaondolewa. Hakuna unyoya uliobadilika!

Basi tunapothamini picha, tunathamini pia tulichoambiwa kuihusu. Anayetumia programu naye huchagua, hutupa, hurudia; simnyimi haki yake. Ila aseme. Akinificha, amenipokonya nafasi yangu ya kuamua mimi mtazamaji.

Rasimu nilizoea kuzitupa kazi ikiisha. Usiku huu nimezinyoosha moja moja juu ya meza, nikaziandika tarehe kwa penseli. Ile ya saba, iliyotoboka, ina kidole gumba kizuri kuliko kile nilichouza.