Kisanduku cha Shanga Nyumbani Kwetu Wete

Ramadhani iliyopita, skuli zilipofungwa na watoto wangu watatu wakawa ndani kutwa, nilimwomba shemeji yangu aliyekuwa Unguja aniletee kwa meli kisanduku kimoja cha shanga za watoto, vile vya plastiki vyenye vyumba 24, kila chumba na rangi yake, pamoja na herufi, uzi wa mpira na mkasi mdogo. Nia yangu haikuwa kubwa. Nilitaka wapate cha kushika mikononi baina ya adhuhuri na magharibi, saa ambazo njaa humfanya mtoto amchokoze ndugu yake bila sababu, na ambazo kwetu simu yangu ilikwisha kuwa ndiyo mlezi.

Siku ya kwanza iliharibika mapema, na kosa lilikuwa langu. Picha iliyobandikwa juu ya kisanduku ilionyesha bangili za shanga bapa, zenye upana wa milimita 6 na unene wa milimita 1 hivi, nami sikufanya hesabu kabla ya kuwaketisha. Mkono wa mtoto wa miaka saba unataka bangili ya sentimita 14 au 15. Maana yake ni shanga zaidi ya 130 kwa bangili moja. Binti yangu wa kati alifika ya arubaini, akachoka, akainua uzi ili anionyeshe alipofikia, na kwa kuwa ncha ya pili haikufungwa, zote zikamwagika. Tulikuwa juu ya mkeka wa ukindu, na mkeka wa ukindu una matundu mengi ya kuficha ushanga kuliko mtu anavyodhani. Zilizobaki ziliteremka hadi uwani, zikaingia mchangani, tukazipata kesho yake kwa chekeche ya unga, ambayo hupitisha mchanga na kubakisha shanga. Lazima nikiri kwamba kazi hiyo ya kuchekecha iliwafurahisha kuliko kutunga kwenyewe.

Baada ya hapo nilizificha shanga bapa na kuwapa zile za duara za milimita 8, ambazo 19 tu zinatosha bangili nzima. Mtoto anayemaliza kitu chake kwa robo saa hurudi kesho kutaka kingine. Anayeshindwa siku ya kwanza harudi. Mkeka nao tuliuacha. Tukahamia mezani, juu ya sinia lililotandikwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, kwani juu ya kitambaa ushanga hauviringiki, na ncha ya uzi tukaibana kwa kibanio cha nguo.

Meza ilinifaa kwa sababu nyingine pia. Kitinda mimba wangu ana miaka miwili na nusu, na visanduku vya namna hii huandikwa kuwa havifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa ushanga ukimezwa vibaya unaweza kuziba njia ya pumzi. Kwa hiyo kisanduku kilifunguliwa akiwa amelala tu, na hakikufungwa mpaka sakafu imefagiwa na mtu mzima ameinama kuitazama. Ndugu zake walilalamika kwamba analala kidogo mno. Sikubadilisha kanuni.

Kilichonisumbua zaidi ni fundo. Bangili nne za mwanzo zilifunguka zenyewe kabla ya futari, na mtoto aliyekuwa ameshaiahidi yake kwa rafiki yake alilia kilio cha msiba. Nilijifunza taratibu kwamba uzi wa mpira unapaswa kuvutwa kwanza kwa mikono miwili, mara kadhaa, kabla ya kutunga, la sivyo hulegea baada ya kuvaliwa na kuacha pengo baina ya shanga. Kwamba ni lazima kuacha ncha ndefu, hata kama mtoto anaona ni ubadhirifu, kwa sababu vidole vifupi haviwezi kufunga ncha fupi. Na kwamba fundo la kawaida halishiki katika uzi unaoteleza. Jirani yetu mvuvi, ambaye watoto humwita Ami, alipita barazani akaona tunavyohangaika, akaketi, akatuonyesha: ukishapitisha ncha chini ya mwenzake, ipitishe tena katika kitanzi hichohicho kabla ya kukaza, kisha funga la pili juu yake, ulowanishe kwa mate na uvute polepole. Tangu siku ile hakuna bangili iliyofunguka. Mimi huongeza tone la gundi na kulivuta fundo liingie ndani ya tundu la ushanga, lakini Ami anaiona gundi kuwa ni kutoliamini fundo.

Mama yangu naye alikuwa na lake. Yeye amekuwa akitunga makoja ya asumini tangu ujana wake, na alipomwona mjukuu akiufukuza ushanga kwa ncha ya uzi uliolegea, alimwambia autulize uzi na kuuleta ushanga kwenye uzi, kama anavyoleta ua kwenye sindano. Tukachovya ncha katika gundi, tukaiacha ikauke, tukaikata mshazari, ikawa ngumu kama sindano.

Herufi zilituletea tatizo ambalo mwenye kiwanda, nadhani, hakulifikiria kabisa. Zimegawanywa karibu sawa kwa sawa, Q na X kwa wingi uleule wa A, ilhali majina yetu yanakula A kama moto unavyokula makuti: Salama peke yake anataka tatu, Asha mbili, Maryam mbili. Siku ya tatu A zilikwisha na vyumba vya Q na X havijaguswa. Nilikuwa tayari kuagiza kisanduku kingine, ndipo binti yangu wa kati alipochukua V, akaigeuza kichwa chini, akaniuliza, "Baba, hii si A iliyokosa kamba ya katikati?" Akaigeuza na W ikawa M. Jina la shangazi yake alilitunga hivyo, na shangazi analivaa.

Tulijaribu pia kutengeneza shanga wenyewe. Za karatasi, za pembetatu ndefu za kalenda kuukuu zilizoviringishwa kwenye chelewa, zilikuwa nzuri kwa siku mbili, kisha sisimizi wakazila kwa sababu nilizigandisha kwa uji wa unga wa ngano badala ya gundi. Mbegu za porini nilizikataza pale tu mmoja alipokuja na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, kwa kuwa zina sumu kali na haziwi salama hata kidogo zikitobolewa. Lakini binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi, nilimsimulia kwamba huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa chetu hikihiki cha Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta vigae vingi vya vyungu vyenye mifuo, vilivyotumiwa kusugulia shanga za kombe majumbani baina ya karne ya 7 na ya 10. Akatafuta kigae na kipande cha kombe, akakaa uwani alasiri nzima akisugua kwa maji, akapata kidude bapa, kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho hatukuweza kukitoboa. Amekiweka katika chumba chake peke yake kisandukuni.

Kazi kubwa ya mwezi ule ilikuwa tasbihi ya bibi yao. Kwa tasbihi hiyo hatukutumia uzi wa mpira, kwani tasbihi inataka shanga zinazoteleza kwa wepesi. Tulinunua mshipi wa kuvulia samaki, mwembamba, na shanga za duara za milimita 6, na binti mkubwa akatunga siku tatu, 33 mara tatu, na ushanga mweupe wa kutenga kila fungu. Ami akafunga fundo mwenyewe. Usiku wa kwanza baada ya tarawehe mama yangu aliipitisha vidoleni, akasita, akarudia, kisha akaita, "Mjukuu wangu, fungu la mwisho lina 32."

Fundo la Ami halifunguki. Tulilikata kwa mkasi, na kesho yake binti yangu alipanga vikombe tisa vya kahawa juu ya sinia, akahesabu kwa sauti shanga 11 katika kila kikombe, na hakushika mshipi mpaka bibi yake alipokuja kuvihesabu upya, kikombe kwa kikombe.