Kohoa Tena

Jimu yetu pale Manzese ilikuwa uwani, nyuma ya banda la mkaa. Vyuma vyenyewe havikuwa vyuma. Ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yakachomekwa kwenye ncha za bomba la maji. Kilo hakuna aliyezijua. Kubwa kuliko yote tuliliita Mama Mkwe, na kopo lake la kushoto lilikuwa zito kuliko la kulia, maana aliyemimina alizidisha kokoto. Ukimaliza seti moja unageukia upande wa pili, ili mikono igawane dhuluma.

Ilikuwa 2011, nina miaka 24. Mchana nabeba magunia sokoni Tandale, jioni napiga tizi. Gunia la lumbesa nalo wanakuambia kilo mia, huku limevikwa kilemba juu mpaka shingo yako inazama. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba aliyeniumiza ni Mama Mkwe. Ninachokumbuka ni Jumamosi moja nimechuchumaa, Ticha, mwalimu wetu wa tizi, kasimama mbele yangu anapiga makofi: "Bana pumzi! Bana! Usiachie!" Nikabana. Bomba likafika magotini, na kwenye kinena upande wa kulia kitu kikaachia, bila maumivu ya kutisha, kama uzi wa kifungo unapokatika.

Bafuni nikakuta uvimbe. Laini, saizi ya ndimu. Nikaubonyeza, ukarudi ndani huku ukikoroma kidogo. Nikakohoa, huyo tena.

"Mshipa huo, mwanangu," rafiki yangu akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba. Mtaani kwetu mshipa, ngiri na busha ni kapu moja, na kwenye kapu hilohilo wametupia nguvu za kiume. Ndiyo maana nikanyamaza. Nilinunua chupa ya dawa ya ngiri kwa muuzaji wa barabarani, chungu kama shubiri, nikaharisha siku mbili. Uvimbe ulibaki palepale. Miezi minne nikawa nauficha kwa bukta mbili za kubana.

Aliyenikamata ni mjomba. Tulikuwa tumekaa barazani, nikakohoa, mkono ukaenda kinenani wenyewe.

"Mjomba, hapo unashika nini?"

"Hapana, mjomba, kuwashwa tu."

"Mimi nilishika hapohapo miaka miwili kabla sijapasuliwa. Kesho tunaondoka wote."

Daktari alikuwa binti wa rika langu, na hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko ugonjwa. "Simama. Shusha suruali. Kohoa." Akaweka vidole viwili. "Kohoa tena." Kisha akavua glovu, akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuyatarajia: choo kigumu napata? Kikohozi cha muda mrefu? Utotoni niliwahi kuwa na uvimbe? Akanieleza kwamba kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, korodani hushuka kutoka tumboni kupitia njia iliyopo hapo kinenani, na wengine njia hiyo haifungi vizuri, au nyama za hapo hulegea baadaye. Uzito, kukohoa, kujikamua chooni, vyote vinasukuma palepale. Chuma peke yake si lazima kiwe mchawi. Nikabisha kwamba uvimbe hauumi. Akasema siku ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, nikaanza kutapika na hata hewa haitoki, nisisubiri asubuhi, kwa sababu utumbo ulionaswa unakosa damu na unaoza.

Hapo nikakubali kisu.

Ganzi walinichoma mgongoni. Miguu ikawa ya mtu mwingine, lakini masikio yalibaki yangu, nikawasikia wakibishana Simba na Yanga huku wananishona. Ndani waliweka kipande cha wavu cha kushikilia hapo palipolegea. Miaka kadhaa baadaye nikasoma utafiti wa Uganda uliotoka 2016: wanaume 302 wenye ngiri, wengine wakawekewa wavu wa kiwandani wa bei mbaya, wengine wavu wa chandarua uliotakaswa kwa mvuke, na matokeo yakawa karibu sawasawa. Nilicheka mwenyewe. Kumbe chandarua kina kazi zaidi ya mbu.

Nikaambiwa wiki sita nisinyanyue kitu kizito. Adhabu hiyo ilizidi kidonda. Mdogo wangu wa kike, wa darasa la saba, akawa ananipita na ndoo ya maji kichwani, mimi na kifua changu cha kupasua fulana nimekaa kwenye kigoda namenya vitunguu. Majirani walifaidi.

Niliporudi uwani sikugusa Mama Mkwe. Nilianza na makopo madogo ya maziwa ya unga, nikitoa pumzi kila ninaponyanyua, kama nilivyoelekezwa. Vijana wakaniuliza nimekuwa bibi lini. Ticha hakucheka. Alinisubiri nimalize, akanivuta kando ya banda la mkaa, akaangalia huku na huku, kisha akashusha bukta kidogo na kukohoa.

Yangu ilikuwa ndimu. Yake ilikuwa embe dodo.

"Mwaka wa saba huu," akasema. "Huyo binti anapatikana siku gani?"