Kamba ya usumba chini ya raba: nilivyopata kiatu cha kutembelea mwambani

Huku Mikindani, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hukauka kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, na mwamba ambao siku za maji mafu huuoni kabisa unabaki wazi. Hapo ndipo wanaposhuka wachokoa pweza na waokota kome. Juu ya jiwe kuna utando wa kijani, mlaini kama mlenda. Ukikanyaga na malapa, umekwenda chini. Peku kuna nafuu kidogo, ila jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale, lina ncha zinazochana nyayo, na kwenye madimbwi miiba imejificha.

Mama yangu mdogo alianguka hapo akavunjika mkono. Huyu ni mtu aliyesomesha watoto kwa pweza. Mkono ulipounga, alikuwa akifika ufukweni anaishia kwenye mchanga, anawatazama wenzake. Iliniuma sana. Nikamwambia, "Mama, nipe muda kidogo, nitakutafutia kiatu."

Wazo lilianzia mbali. Binamu yangu anaishi Kanada, ambako majira ya baridi njia zinafunikwa na barafu. Alinieleza kwamba watu wasiotaka gharama hufunga skrubu fupi za vichwa vya pembe sita kwenye soli za mabuti yao, vichwa vikabaki nje. Barafu ni laini kuliko chuma, kwa hiyo uzito wa mtu unatosha kuzididimiza kingo za vile vichwa, mguu ukashika. Wengine huvisha juu ya kiatu wavu wa mpira wenye vyuma chini, wakifika nyumbani wanauvua.

Mwamba wetu haudidimii namna hiyo. Chuma kikikutana na jiwe gumu lenye utando kinakwaruza na kuteleza, na maji ya chumvi hayachelewi kukitia kutu. Lakini ule wavu wa kuvisha na kuvua nikaupenda. Kilichobaki ni kupata kitu cha kupenya utando hadi kwenye jiwe. Soli laini ya mpira inaelea juu ya ule ute. Nyuzi ngumu zinaupasua, maji yanapata pa kupitia, na kila uzi unashika kivyake. Wajapani wanaopanda vijito vya milimani wamevaa kwa sababu hiyo hiyo ndala za kusuka kwa majani ya mpunga, waraji. Sisi mpunga tunao, ila tuna kitu kigumu zaidi: usumba.

Kamba ya usumba haitaki maelezo mengi kwa mtu wa pwani. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga wa ufukweni maji yanapofika, yanakaa miezi, kisha yanafukuliwa na kupondwa mpaka nyuzi ziachane, halafu zinasokotwa. Uzi wake haupendi kuoza baharini. Usidanganyike na kamba ya manila kwa kuwa inapatikana kila duka: ni nyororo, ikilowa inateleza pamoja na wewe. Chukua ya usumba, unene wa kidole kidogo, na ile inayochoma mkononi ukiipapasa ndiyo nzuri.

Mpira nilipewa bure na fundi wa pancha: tyubu mbovu ya gari dogo. Niliikata kwa upana, kama unavyokata kitunguu maji, nikapata pete pana kama vidole vitatu. Pete hiyo ikivutwa inakizunguka kiatu chote juu kidogo ya soli na kukibana. Ya lori inalegea, ya pikipiki haifiki. Kisha nikaipeleka kwa fundi viatu anitobolee matundu pembeni, matatu kila upande sehemu ya mbele na mawili kila upande kwenye kisigino. Nilimsisitizia atumie kitoboleo cha duara. Tundu la kisu lina pembe, na mpira ukivutwa unaanza kuchanika kwenye ile pembe.

Kamba niliiloweka usiku kucha ili ilainike. Nikaivisha pete kwenye raba kuukuu, nikapitisha kamba chini ya soli kutoka tundu hadi tundu, ikikatiza kwa msalaba chini ya kiganja cha mguu, na kipande kingine chini ya kisigino. Katikati, pale unyayo unapoinuka, niliacha wazi, maana pale mtu hakanyagii. Mafundo yote yakae ubavuni. Fundo likiwa chini ya soli unalisikia kila hatua, na mguu unayumba. Vuta kamba kwa nguvu kabla ya kufunga, kwa sababu mpira utaachia kidogo ukishavaliwa.

Niliijaribu mwenyewe kwanza, bamvua la asubuhi, kwenye mteremko wa jiwe ambao hata vijana wanauzunguka. Nilisimama. Nikageuka, nikashuka kiubavu, mguu umeshika. Mama mdogo alivaa bamvua lililofuata nikiwa nimemshika mkono. Hatukufika mbali akauchomoa. "Niache mwanangu, naona njia." Siku hiyo alirudi na pweza wawili kwenye ndoo, na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aumie.

Kiatu hiki kina mipaka yake. Kwenye tope la mikoko hakifai kabisa, kinabeba udongo mpaka mguu unakuwa mzito, huko vua. Barabarani kamba inalika haraka, kwa hiyo kivishe ukishafika ufukweni. Na tafadhali, usikanyage matumbawe yaliyo hai hata kama mguu umeshika. Humo ndimo pweza wanamokaa, tukiyavunja tutachokoa nini? Ukirudi, suuza kwa maji ya kisima, anika kivulini, kwa kuwa jua linaukausha mpira mpaka unapasuka. Kamba ikianza kuwa laini ibadilishe, hata kama haijakatika.

Sasa majirani wananiletea raba zao. Kwa kiatu cha mtoto punguza jozi moja ya matundu ya mbele na ukate pete nyembamba zaidi, la sivyo mpira utambana vidole.