Injini ya pikipiki ya theluji sasa inafika 8,000

Jamani, imekubali! Tangu niilete milimani Colorado, hata nikiminya mafuta hadi mwisho injini iligota kwenye mizunguko 7,400 kwa dakika, badala ya 8,000. Nilibadilisha plagi, nikafunga mkanda mpya wa kupeleka nguvu ya injini, wapi!

Kumbe huku juu hewa ni haba, nguvu ya injini inapungua, na vyuma vya uzito ndani ya klachi ya mbele vinailemea. Nikapunguza gramu 4 kwa kila kimoja. Ikapanda, ila ikawa inatetemeka.

Nikavitoa tena, nikavipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara. Kimoja kilizidi wenzake kwa gramu 1: washa nyembamba (kile kipete cha chuma cha boliti) ilikuwa imeganda nyuma ya boliti, nyeusi kwa vumbi la mkanda. Nikaibandua kwa ncha ya kisu.

Leo sindano ya geji ya mizunguko imetulia palepale kwenye 8,000.